Mstari Alioruka Katibu

Baba yangu alikuwa na tabia ya kununua viatu vya mwaka ujao. Alisema mguu wa mtoto hauna adabu, unakua bila kuuliza, basi afadhali kiatu kiutangulie. Nilipoanza shule pale Uvira nikapewa viatu vyeusi vya kiume, vya kufunga kamba, vikubwa hata kuku angetagia ndani. Nikichukua hatua, mguu unakwenda, kiatu kinabaki kinafikiri. Basi nikawa nachana karatasi za daftari langu, nazikunja, nazijaza kule mbele kwenye vidole. Zikilainika kwa jasho, nachana zingine.

Siku mwalimu alipotaka kuona hesabu za mwezi mzima, daftari lilikuwa limebaki na jalada na karatasi mbili. Akauliza, "Hesabu zako ziko wapi?" Sikuwa na akili ya kusema uongo. Nikakaa chini, nikafungua kamba, nikavua kiatu cha kulia. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alizifungua zile karatasi moja moja juu ya meza, zinanuka, akazinyoosha kwa kiganja, akasahihisha. Nilipata nane juu ya kumi. Kisha akanichapa kwa ajili ya daftari.

Nilitoka shuleni darasa la tatu, mama alipougua, na sikurudi. Kusoma Kiswahili kulinirudia nikiwa mtu mzima, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa Biblia isiyo na jalada. Ndiyo maana haya naandika mwenyewe, polepole, na mnisamehe nikiruka huku na kule. Lakini Kiingereza kilinikuta nimeshazeeka. Nacho ndicho kinachoingia mlangoni huku Toronto. Kwetu serikali ikikutaka inamtuma mtu, unamwona anakuja, unapata muda wa kuvaa au wa kutoroka. Huku inatuma bahasha yenye kidirisha, na jina lako linakuchungulia kutoka ndani. Karatasi, tena karatasi. Na mimi mbele ya karatasi bado ni yule mtoto aliyekaa chini na kiatu mkononi.

Mtu aliyetufungulia bahasha hizo alikuwa Katibu.

Nasema Katibu kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, hata mke wake. Alikuwa katibu wa kanisa kambini, akaja huku akaendelea kuwa katibu, ingawa kanisa letu hapa Scarborough lilishachagua makatibu wengine watatu. Hao walikuwa na cheo. Yeye alikuwa na jina.

Alikuwa mwembamba, koti moja la kijivu kipupwe na kiangazi, kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa ya kuazima wengine kwa sababu haikuandika vizuri. Miwani aliivaa wakati wa kusoma tu. Akishaivua, hata ukimwonyesha barua inayowaka moto, hasomi. Anakuambia, "Leo nimefunga, Mama."

Barua zetu alizihifadhi gerejini mwake, kwenye mifuko ya unga wa muhogo. Mifuko ile ya nailoni yenye picha ya mwanamke anayesonga bugali, mke wake aliifua, yeye akaitundika kwenye misumari ukutani, kila familia na msumari wake, na jina kwa wino mweusi. Gari hakuwahi kuwa nalo. Gereji ile ilikuwa na misumari na sisi. Nilimuuliza mara moja anajuaje karatasi ipi inaingia wapi, maana kuna barua inayomtaja huyu na yule. Akasema, "Haiendi kwa aliyeandika, wala kwa aliyepokea. Inakwenda kwa yule inayemzungumzia." Alijivunia sheria hiyo kuliko watoto wake.

Kusoma kwake kulikuwa hivi. Unakaa kwenye kiti cha plastiki. Anasoma kwanza kimya, yote, mpaka mwisho, na uso wake haukuambii kitu. Ukianza kulalamika anainua kidole: "Tusome kwanza, tulie baadaye." Kisha anarudi juu na kukutafsiria mstari kwa mstari, kila neno, hata namba ya simu ya ofisi, hata ile mistari midogo ya chini ambayo wenyewe walioiandika hawaisomi.

Kuna mama mmoja wa Burundi aliyekuja na bahasha ya jiji akilia tangu kituo cha basi. Alikuwa ameota anarudishwa kwao, na asubuhi yake barua ikafika. Tulikuwa watu watano gerejini. Katibu akasoma kimya, karatasi ya kwanza, ya pili. Mama anaanza kuimba wimbo wa msiba. Katibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama," akasema, "wanasema umechagua pipa dogo la takataka, na takataka zako ni kubwa."

Yule mama alimpiga na mkoba. Tulicheka hadi mke wa Katibu akagonga ukuta kutoka ndani kuuliza nani amefariki.

Pesa hakupokea. Ukimpa noti anaishika kwa ncha za vidole kama kitu cha kuokota njiani, anakurudishia. Lakini ukileta ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa, huyo anakuuliza kama hakuna na pilipili. Uongo aliuchukia. Alimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni ya mwaka jana, na akataja Jumapili yake. Kwenye harusi iliyoandikwa saa nane, alifika saa nane, akakuta ukumbi una mtu anayefagia. Akakaa. Saa tisa akasimama peke yake, akawaombea maharusi ambao hawajafika, akala ndizi aliyokuja nayo, akapanda basi kurudi nyumbani. Bibi harusi hakumsamehe. Yeye alisema amehudhuria.

Na mtu huyo huyo mkali alimbeba mke wake mgongoni. Mke wake alianza kuumwa miguu, ikafika mahali haimshiki tena, na Katibu akawa anamshusha kwenye vidaraja vya mlangoni kila Jumapili, koti la kijivu limekunjamana, mama wa watu anatusalimia kutoka juu ya bega kama malkia. Barua ya hospitali ilipokuja ikisema miguu haitarudi, alimsomea mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kutusomea sisi, mpaka chini. Mke wake ndiye aliyetuambia. Alisema, "Nilitazama kama ataruka neno. Hakuruka."

Nakiri, mimi nilimpenda Katibu kwa ajili ya jambo hilo kuliko jambo lingine lolote.

Sasa niseme habari ya nyumba. Mume wangu na mimi tulifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, yeye zamu ya kutundika, mimi ya kukata, mpaka vidole vyangu vikakataa kunyooka. Tukanunua nyumba ya matofali mekundu, ndogo, mitaa miwili kutoka kwa Katibu. Nyumba yake na yangu zilijengwa na mtu mmoja mwaka mmoja. Ukiingia kwake hata taa unaiwasha bila kutafuta. Mume wangu alifariki tumebakiza kidogo kumaliza deni la benki. Nilimaliza mwenyewe. Siku benki ilipoandika kwamba imekwisha, Katibu aliisoma barua ile mara mbili, mara ya pili bila kuombwa.

Binti yangu Neema anaishi Pickering, anatunza wazee. Kiswahili anakisikia chote, anajibu kwa Kiingereza. Tangu baba yake afariki wimbo wake ni mmoja: mama, uza, njoo ukae na sisi, utapanda ngazi mpaka lini? Mimi namwambia nitapanda mpaka nishuke nimebebwa. Nilikuwa sijawahi kuwa na mlango ambao hakuna mtu anayeweza kuniambia nitoke. Kule kambini mlango ulikuwa turubai. Kwa hiyo nilikuwa nataka jambo moja tu duniani, kufia ndani ya nyumba ile. Katibu alilijua, kwa kuwa nilimwambia kila mara alipofungua mfuko wangu.

Ili niweze kuishi pale kwa pensheni, tulitengeneza chini, ile wanayoita besmenti. Ilikuwa saruji tupu na mashine ya kufulia. Fundi mmoja wa kanisani akapiga kuta, akaweka choo, jiko la pili, vyumba viwili. Nikapata mpangaji, binti wa Bujumbura, mpole, anayepika maharage yananukia mpaka juu.

Kabla ya kuta kumalizika ilikuja fomu ya ofisi inayopima thamani za nyumba. Wanauliza besmenti imekamilika au haijakamilika. Katibu aliijaza. Wakati huo kuta zilikuwa nusu, akaandika haijakamilika, na ilikuwa kweli. Miezi mitatu baadaye ikakamilika. Nikamuuliza, "Katibu, tuwaambie?" Akafikiri. Yeye, mtu wa kusahihisha mahubiri. Akasema, "Waliuliza, tukajibu. Wakitaka kuuliza tena, wanajua mlango." Nami nikafurahi. Nasema nilifurahi, sitajifanya malaika hapa.

Kwetu chumba kipya hakilaliwi kabla hakijaombewa. Walikuja watu wa kanisa, tukapita chumba kwa chumba. Katibu alitangulia na daftari lake, maana zamani kambini walimwombea mtu nyumba wakasahau jiko, na jiko likaungua, tangu hapo akawa anaandika kila chumba asisahau. Alipita pia kwa hatua, kutoka ukuta hadi ukuta, anahesabu midomo ikicheza. Mimi nilidhani ni maombi. Akapiga na picha kwa simu yake, tumeinua mikono, za kuwatumia ndugu waliobaki Kigoma.

Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya kodi ya nyumba, baada ya ibada, kwa bugali. Watu walikuwa wanaogopa, kila mwaka tunaambiwa nyumba zote zitapimwa upya kwa bei ya leo, na bei ya leo ya Toronto inatisha. Katibu akavuta sahani kubwa ya bugali katikati ya meza.

"Hili ni mzigo wa jiji. Barabara, zimamoto, theluji. Ukubwa wake jiji limeupanga. Thamani ya nyumba yako ni kisu tu, inaonyesha kipande chako. Wakipima upya na nyumba zote zikapanda pamoja, kipande chako ni kile kile, lala usingizi. Ikipanda yako kuliko za wenzako, kipande chako kinakua, na cha mwenzako kinapungua."

Mzee mmoja wa Fizi akasema, "Basi mimi nipeni kipande kikubwa, nina njaa."

"Hiki si cha kula, Mzee. Ni cha kubeba kichwani."

"Na samaki je, naye ni wa kubeba?"

Tulicheka. Katibu hakucheka, alikuwa hajamaliza. Akasema, "Kwa hiyo ukitaka kujua kama umeonewa, usiitazame nyumba yako. Tazama iliyo sawa na yako." Nilisikia vizuri. Nilikuwa nimekaa karibu naye, namtolea miiba ya samaki wa mkewe.

Halafu akatengeneza bafu kwake, chini, na mlango mpana wa kiti cha magurudumu, na njia ya saruji ya kuteremkia. Alifanya yote kwa kibali, na mhuri. Ofisi ikaja, ikapima, ikapandisha daraja la nyumba yake. Ikaandika besmenti imekamilika, bafu la pili, thamani juu. Nilimkuta gerejini anasoma barua yake mwenyewe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa kwenye kile kiti cha plastiki.

"Tusome kwanza, tulie baadaye," nikamtania.

"Nimeshasoma, Mama Neema," akasema.

Baada ya siku chache akaniomba karatasi yangu ya thamani ya nyumba. Hakuniomba hasa, alisema, "Nitaangalia kitu kwenye mfuko wako." Nikasema angalia. Mfuko wangu ulikuwa kwake, ungeangaliwa na nani mwingine?

Miezi ikapita. Ikanijia barua ya ile ofisi ya kupima. Nikavaa, nikaenda nayo mitaa miwili, na ndagala ndani ya kopo. Akasoma kimya. Nakumbuka theluji ilikuwa inayeyuka, inadondoka kwenye paa la gereji, tik, tik. Akarudi juu, akanitafsiria. Wanasema watakuja kuitazama nyumba. Wanasema siku hii, saa hii. Namba ya simu ni hii.

"Kuna ubaya?"

"Ni kazi yao. Waonyeshe wanachotaka kuona. Usidanganye."

"Sijawahi kudanganya."

"Ndiyo," akasema. Ndagala hakuwachukua siku ile. Alisema mke wake amepika.

Akaja mama wa ofisi, mtaratibu, akavua viatu mlangoni, akashuka moja kwa moja chini kabla sijamwonyesha ngazi. Hilo lilinishangaza kidogo, nikaliacha. Alipima, akaandika, akasifu maharage. Yule binti wa Bujumbura alikuwa bado anasubiri makaratasi yake ya ukimbizi. Kuona mtu mwenye kitambulisho cha serikali shingoni, alifunga mizigo yake juma hilo hilo. Nilimwambia hawamtafuti yeye. Akasema, "Najua, Mama," huku anakunja mashuka.

Kisha ikaja kodi. Thamani imepanda, na wanadai ya mwaka huu pamoja na ya miaka miwili ya nyuma, kwa mkupuo, kwa sababu besmenti ilikuwapo na haikuandikwa. Na mpangaji amekwenda. Neema alikuja na gari, akasema sasa huwezi kukataa tena, lakini kabla ya kuuza tujaribu kulalamika, karatasi zako ziko wapi? Nikasema kwa Katibu. Akaenda kuchukua mfuko mzima.

Alirudi, akaumwaga juu ya meza yangu ya jikoni, akaanza kupanga. Mimi naosha vikombe.

"Mama," akasema. Na hapo alisema Kiswahili, ndipo nilipoogopa. "Mama, hii si yako. Hii ni ya Katibu."

Ilikuwa nakala ya malalamiko aliyoandika Katibu kwa ajili ya nyumba yake. Ilikuwa ndani ya mfuko wangu kwa sababu ilikuwa inanizungumzia mimi. Aliiandika, akaituma, na nakala akaipeleka kwenye msumari wake sahihi. Mkono wake haukuweza kufanya vingine.

Neema alinisomea kwa kuruka ruka, kwa hasira, nusu Kiswahili nusu Kiingereza. Kwamba nyumba yangu ni pacha wa nyumba yake. Kwamba imewekwa daraja la chini kwa sababu imeandikwa besmenti haijakamilika. Kwamba imekamilika, vyumba viwili, jiko, choo, na urefu wa kila chumba. Zile hatua! Na picha. Tumeinua mikono, mimi katikati na kitenge changu cha njano, macho nimefumba, na nyuma yetu jiko la pili linaonekana vizuri kabisa.

Kisha akachukua ile barua ya kwanza, ambayo Katibu alinisomea siku ya ndagala. Akaweka kidole kwenye mstari wa pili. "Hapa wanasema wanakuja kwa sababu wamepokea habari kuhusu nyumba yako. Alikusomea hapa?"

Nikasema nisomee tena. Akanisomea tena.

Hakunisomea. Mtu ambaye hakumrukia mke wake neno, alinirukia mimi mstari mzima.

Kanisani habari ilienea kabla ya Jumapili. Wengine walikwenda kuchukua mifuko yao. Wengine walisema mimi ndiye niliyekosa, nilikaa na chumba kisichoandikwa huku wenzangu wanabeba kipande changu, na wao pia wana haki. Mzee wa Fizi alisema hivyo usoni kwangu, na bugali lile nililielewa. Lakini mimi sikuwa nalia kwa ajili ya bugali. Angeniambia, "Mama Neema, nimezidiwa, mke wangu ana kiti cha magurudumu, nitaitaja nyumba yako," ningelia siku mbili, ya tatu ningemshikia karatasi aandike. Nadhani ningemshikia. Sina hakika, na hakunipa nafasi ya kujua.

Malalamiko yetu yalikataliwa, kwa kuwa kila kitu tulichokilalamikia kilikuwa kweli.

Mwisho wa kipupwe kilichofuata Katibu alikuja. Mchana, saa tisa kamili, koti la kijivu. Sikumwita. Nilimwona dirishani amesimama kwenye njia ya gari, anaifuta miwani, kwa hiyo nikajua amekuja kusoma au kusomewa. Nikafungua.

"Hodi, Mama Neema."

"Umeshafunguliwa, Katibu. Ingia."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimuuliza hali ya mama. Akasema anaoga mwenyewe sasa, mlango ule mpana umesaidia. Nilifurahi, na nikachukia kwamba nimefurahi.

"Nimekuja kukueleza," akasema.

"Usinieleze. Nisomee."

Nikampa karatasi yake. Aliitambua kabla haijafika mkononi. Akaniangalia. Nikasema, "Tusome kwanza, Katibu."

Akavaa miwani. Nilidhani ataomba msamaha hapo, au atalia, au atasema macho yanauma. Akasoma kimya kwanza, yote, kama desturi yake, karatasi aliyoiandika mwenyewe. Kisha akarudi juu na kunitafsiria mstari kwa mstari. "Mwenye nyumba hiyo ni mjane, anakaa juu, anapangisha chini." Akasoma. "Chumba cha kwanza, hatua tano kwa nne." Akasoma. "Ninaifahamu nyumba hiyo kwa ndani, kwa sababu ninakaribishwa mara kwa mara." Hapo sauti ilishuka kidogo, ikapanda tena. Akaendelea mpaka kwenye jina lake, mpaka kwenye mistari midogo inayosema kwamba aliyeandika anathibitisha yote ni kweli.

"Umeruka kitu?"

"Sikuruka."

Nikampa na ile ya kodi, pamoja na karatasi ya pensheni, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine niliyeamini hesabu zake. Ndiyo, nilikuwa bado namwamini, nifanye nini? Neema alikuwa ameshaniambia, lakini Neema alitaka niuze tangu zamani.

"Nitaiweza nyumba hii, Katibu? Niambie kama ulivyomwambia mke wako."

Akasoma. Akahesabu kwa kalamu nzuri, pembeni ya bahasha. Akahesabu mara ya pili.

"Hutaiweza, Mama."

Nikasema asante. Ilinitoka tu, ni mazoea. Nilijua wakati ule ule kwamba nitampigia Neema jioni na kumwambia alete ubao wa kuuza.

Katibu akavua miwani. Akazipanga karatasi zote, kingo kwa kingo, akazigonga mezani zikae sawa, akatafuta mahali pa kuziweka, hakuona, akaziacha. Akasimama. Nilingoja aseme lile neno la msamaha. Alifungua kinywa, akatazama mlango wa kushukia besmenti, akakifunga. Kisha akavaa kofia, akatoka, akashuka vidaraja taratibu akishika chuma kwa sababu kulikuwa na barafu, akapita njia ya gari, akakata kulia, akaenda. Hakurudi tena.